Tutafundishaje thamani ya misitu shuleni na kwa wananchi bila kuishia kwenye kaulimbiu?

MwalimuSayansi ameuliza:

Ndugu zangu, ninaomba mchango wa mawazo. Ninalea klabu ya mazingira katika shule ya sekondari, na nimekabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa elimu ya misitu utakaowahusisha wanafunzi pamoja na wakazi wanaopakana na shule. Nimepitia mipango ya miaka iliyotangulia, na yote inafuata njia moja: ikikaribia tarehe 21 Machi, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2012 kuwa Siku ya Kimataifa ya Misitu, hutungwa ngonjera, hualikwa mgeni rasmi, miche hupandwa mbele ya kamera, kisha kila mtu hurejea kwake hadi mwaka unaofuata.

Matokeo yake ninayaona darasani. Mwanafunzi akiulizwa faida za misitu, hujibu bila kusita kwamba misitu ni uhai, huleta mvua, husafisha hewa na huzuia mmomonyoko wa udongo. Akiulizwa msitu huuzuiaje mmomonyoko huo, hukaa kimya, kwa sababu alichokihifadhi ni orodha ya majibu ya mtihani na hajawahi kuliona jambo lenyewe likitendeka. Kwa watu wazima hali ni ngumu zaidi. Mikutano tunayoiitisha huhudhuriwa na wachache, na hao wachache husikiliza kwa adabu, huitikia kila hoja, kisha huendelea na shughuli zao kama kawaida.

Nina maswali mawili. Je, ni kitu gani hasa cha kufundisha, na kwa njia gani, ili mwanafunzi aielewe kazi ya msitu badala ya kuikariri? Na je, mtu mzima anayeutegemea msitu kwa kuni, malisho au mkaa aelezwe nini kuhusu thamani ya msitu ambacho hakijui tayari?

MkufunziMisitu amejibu:

Mwalimu, kwa swali la kwanza ushauri wangu ni kwamba somo la misitu lianzie ardhini, wala si kwenye matawi. Watu wengi wakisikia msitu huwaza miti, na wakiwaza miti huwaza mbao, kuni na kivuli, ilhali sehemu kubwa ya kazi ambayo msitu humfanyia hata mtu asiyewahi kuukanyaga hufanyika katika tabaka jembamba la udongo wa juu. Tabaka hilo mwanafunzi anaweza kulipima mwenyewe kwa vifaa visivyogharimu chochote.

Tafuta makopo ya rangi yaliyokwisha kutumika, yenye ukubwa mmoja, uyaoshe vizuri na uyatoe vitako ili kila kopo libaki bomba lililo wazi pande zote mbili. Lisimamishe kopo juu ya ardhi, weka kipande cha ubao juu yake, kisha uligonge taratibu hadi lizame kiasi cha vidole vinne, ukijihadhari udongo usipasuke pembeni na kuacha mwanya. Mimina nusu lita ya maji, na mwanafunzi mmoja aangalie saa hadi tone la mwisho liingie ardhini. Fanyeni hivyo chini ya miti ambayo sakafu yake haijafagiliwa wala kuchomwa moto kwa miaka mingi, kisha kwenye uwanja wa michezo, kwenye shamba lililolimwa, na kwenye njia inayopitwa na mifugo kila siku. Msituni maji mara nyingi hutoweka kabla mwandishi wa kundi hajamaliza kuandika saa ya kuanzia. Uwanjani hubaki yamesimama, yakigeuka rangi polepole, hata wanafunzi waanze kuchoka kusubiri. Rudieni kipimo mara kadhaa kila mahali, kwa maana patatokea tofauti kubwa hata kati ya sehemu mbili zilizo jirani, na tofauti hizo nazo ni somo.

Baada ya kipimo, chimbeni shimo dogo pembeni ya kila kopo mlinganishe. Msituni mtakuta majani makavu juu, chini yake majani yaliyoanza kuoza yakiwa yameshikamanishwa na nyuzi nyeupe za kuvu, kisha mboji nyeusi, kisha udongo uliotobolewatobolewa na mizizi, mchwa na nyungunyungu. Vitobo hivyo ndivyo vinavyoyameza maji. Uwanjani hakuna hata kimoja. Tone la mvua linapoanguka juu ya udongo ulio uchi hupasua mabonge madogo ya udongo, na vumbi jepesi linalotoka humo huziba matundu yaliyobaki, hivyo hujengeka ukoko ambao maji hushindwa kuupenya na badala yake huteremka yakichukua udongo. Mwanafunzi aliyeyaona haya hahitaji kukariri kwamba msitu huzuia mmomonyoko, kwa kuwa anaweza kuueleza mwenyewe hatua kwa hatua.

Niongeze jambo moja ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita. Mti peke yake si kinga. Matone hukusanyika kwenye kingo za majani makubwa na kuanguka yakiwa makubwa kuliko yalivyotoka mawinguni, na yakitoka juu sana hupiga ardhi kwa nguvu. Ndiyo maana shamba la misaji lililochomwa moto au kufagiliwa chini laweza kupoteza udongo mwingi ingawa kwa mbali linaonekana kijani na limesongamana. Kinachouokoa udongo ni zulia la majani na mimea midogo ya chini, yaani kile kinachoitwa uchafu na kufagiliwa kila asubuhi katika shule nyingi. Mkiweza kupata kipande kidogo cha eneo la shule kisichofagiliwa kwa mwaka mzima, mtakuwa na maabara yenu.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi. Funga mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga kwenye tawi lenye majani mabichi asubuhi ya siku yenye jua, ukaze mdomo wake kwa uzi. Kufikia adhuhuri kuta za ndani za mfuko zitakuwa na matone ya maji. Mwanafunzi atajua kwamba mti ni njia ambayo maji hupanda kutoka ardhini na kurudi angani, na kwamba hilo lina faida na lina gharama yake pia. Kuhusu gharama hiyo namwachia mwenye taaluma ya maji.

MtafitiMaji amejibu:

Nashukuru kwa kuachiwa sehemu hiyo, maana ndiyo inayopotoshwa zaidi katika elimu ya misitu, na mara nyingi hupotoshwa na watu wenye nia njema kabisa.

Tuanze na hewa. Husemwa kwamba msitu wa Amazon hutoa asilimia 20 ya oksijeni tunayoivuta. Si kweli. Msitu uliokomaa hutumia karibu oksijeni yote unayoitengeneza, kwa sababu miti yenyewe hupumua, na kuvu na vijidudu vinavyoozesha majani na magogo huitumia pia. Oksijeni iliyo angani, ambayo ni takriban asilimia 21 ya hewa yote, imejilimbikiza kwa mamilioni ya miaka na haitatuishia leo wala kesho kwa kukatwa misitu. Hoja ya kweli iko kwenye kaboni: takriban nusu ya uzito wa mti uliokaushwa ni kaboni, na mti ukichomwa au kuoza kaboni hiyo hurudi angani kuwa hewa ukaa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria katika tathmini yake ya mwaka 2020 kwamba misitu inafunika takriban hekta bilioni 4.06, sawa na asilimia 31 ya nchi kavu, na kwamba kati ya mwaka 2015 na 2020 dunia ilikuwa ikifyeka takriban hekta milioni 10 kila mwaka. Kwa takwimu hizo mwanafunzi anaweza kuyaona mabadiliko ya tabianchi kama hesabu ya akiba inayotolewa, badala ya kuogopeshwa kwamba atakosa pumzi.

Sasa maji. Kauli kwamba ukipanda miti chemchemi itafufuka ni ya kuangaliwa kwa makini. Matone aliyoyaeleza Mkufunzi ndani ya mfuko wa plastiki yametoka ardhini, na mti mrefu wenye mizizi ya kina hupandisha angani maji mengi kuliko nyasi. Huko Jonkershoek, Afrika Kusini, ambako vijito vimekuwa vikipimwa tangu miaka ya 1930, upandaji wa misindano mahali pa uoto wa asili wa vichaka ulipunguza maji ya vijito, na hatimaye sheria ya maji ya nchi hiyo ya mwaka 1998 ikaweka mashamba ya miti ya biashara katika kundi la matumizi yanayopunguza maji ya mito. Mikaratusi iliyopandwa katika vyanzo vya maji imeleta malalamiko ya namna hiyohiyo katika nchi nyingi.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake, ambao inasikitisha kwamba hautajwi madarasani. Kuanzia miaka ya 1950 watafiti walilinganisha mabonde madogo ya Kericho na Kimakia nchini Kenya na ya Mbeya nchini Tanzania. Katika bonde la Mbeya lililolimwa kwenye miteremko mikali, kijito kilitoa maji mengi kuliko kile cha bonde jirani lenye msitu, hata wakati wa kiangazi, na udongo haukuporomoka kama ilivyotarajiwa. Sababu ni kwamba udongo wa pale umetokana na majivu ya volkano na una matundu mengi sana, kwa hiyo hata ulipolimwa uliendelea kumeza mvua, huku mazao yakitumia maji machache kuliko miti. Kwenye udongo mwingine wowote unaoziba haraka matokeo yangeweza kuwa kinyume chake, yaani mafuriko wakati wa mvua na kijito kikavu kiangazi. Tunachojifunza ni kwamba jibu hutegemea udongo, aina ya mti, mteremko na namna mvua inavyonyesha. Kopo la Mkufunzi linagusa kiini cha suala lenyewe: je, maji yanayookolewa kwa kupenya ardhini ni mengi kuliko yale ambayo miti inayanywa?

Misitu ya mawingu, iliyo juu milimani, ni kisa cha pekee. Ukungu unapopita kati ya matawi yaliyojaa kuvumwani na ndevu za miti, maji hugandamana na kudondoka ardhini hata siku ambayo hakuna mvua. Ukiufyeka msitu wa namna hiyo, maji yale hupita juu yakaenda zake.

Na kuna ubora wa maji, ambao kwangu ndio hoja yenye nguvu kuliko zote. Huko Hubbard Brook, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, watafiti walikata miti yote ya bonde dogo moja katika majira ya baridi ya mwaka 1965 kuingia 1966, kisha wakazuia mimea isichipue upya. Maji ya kijito yaliongezeka, kama ilivyotegemewa, lakini naitreti ndani ya maji hayo ilipanda mara nyingi zaidi ya kawaida, kwa sababu virutubisho vilivyokuwa vikizungushwa kati ya mizizi na majani yanayooza havikuwa tena na wa kuvishika. Rutuba ya ardhi ilikuwa inateremka mtoni.

MwalimuSayansi ameandika:

Ninawashukuru wote wawili, ingawa mchango wa mwisho umenipa wasiwasi ambao afadhali niuseme. Nikisimama mbele ya wanafunzi, au vibaya zaidi mbele ya mkutano wa wananchi, nikakiri kwamba shamba lililolimwa liliwahi kutoa maji mengi kuliko msitu, je, sitakuwa nimempa panga yule anayetafuta sababu ya kufyeka? Zaidi ya hayo, mtihani unamtaka mwanafunzi aandike kwamba misitu huleta mvua, na akiandika kwamba inategemea, huenda akanyimwa alama.

MtafitiMaji amejibu:

Wasiwasi wako una msingi, Mwalimu, lakini hebu tazama upande wa pili. Mkulima anayeishi jirani na shamba la mikaratusi ameona kisima chake kikipungua. Ukimwambia kwamba miti yote huongeza maji, atakuwa amepata sababu ya kutokuamini na yale mengine ambayo ni ya kweli. Ukweli wenye masharti unahimili maswali, na mwanafunzi aliyeupata anaweza kumjibu mtu mzima bila kugwaya.

Kuhusu mvua, hakuna haja ya kugombana na mtihani, kwa sababu ndani ya kauli ile mna ukweli. Tatizo ni kwamba hausemi ni kwa ukubwa gani wa eneo. Miti michache ya shule haitaita wingu. Msitu unaofunika nchi nzima ni habari nyingine. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Brazili, Eneas Salati, alipima aina nzito za atomi za oksijeni katika maji ya mvua kutoka pwani ya Atlantiki kuelekea ndani ya Amazon, akaonyesha kwamba unyevu uleule hunyesha, hupandishwa tena na miti, kisha hunyesha mbele zaidi, mara kadhaa kabla ya kufika milimani. Mwanafunzi na aandike kwamba misitu mikubwa hurudisha unyevu angani na kusaidia mvua kufika maeneo ya ndani. Hakuna msahihishaji atakayemnyima alama kwa hilo, na mwanafunzi atakuwa hakusema uongo.

MratibuJamii amejibu:

Mimi ninafanya kazi na watu wazima, kwa hiyo nitajikita kwenye swali la pili. Kwanza ninaomba tuliache wazo kwamba mwananchi anaharibu msitu kwa sababu hajui thamani yake. Mama anayefuata kuni anaijua miti kwa majina, anajua ipi huwaka bila moshi, ipi ni dawa na ipi haiguswi. Mchoma mkaa anajua vizuri kabisa kwamba msitu unarudi nyuma, kwa kuwa kila mwaka anatembea mbali zaidi. Mikutano unayoieleza, Mwalimu, inashindwa kwa sababu mgeni anawaeleza wenyeji jambo wanalolijua, huku akilinyamazia lile wanalotaka kuliuliza: thamani hiyo ni ya nani, na gharama yake anailipa nani? Ngedere na nguruwe wanaotoka msituni hula shamba la mtu mmoja, ilhali maji safi yanayotoka humo hunywewa na watu wa mbali wasiojua hata jina la msitu huo. Mkutano unaoanza kwa kuwapa wananchi nafasi ya kutaja hasara hizo, zikaandikwa ubaoni mbele yao kabla ya faida yoyote kutajwa, huwa mkutano wa namna nyingine kabisa. Mara nyingi faida huanza kutajwa na wananchi wenyewe, kwa kuwa sasa hawajitetei.

Ipo mifano inayoonyesha elimu iliyoanzia kwa watu ikifika mbali. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, alianzia kwenye mahitaji ambayo wanawake wa vijijini waliyataja wenyewe, yaani kuni, maji na lishe, na mti ukawa jibu la mahitaji hayo. Mkoani Shinyanga, Tanzania, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulikuta desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiingiliwe wakati wa masika ili mifugo ipate cha kula kiangazi. Badala ya kuleta fundisho jipya, mradi uliifufua desturi hiyo, na maeneo makubwa yaliyokuwa yamekauka yakarudi kuwa na miti na vichaka. Huko Duru-Haitemba, wilayani Babati, vijiji vilivyohofia kunyang'anywa msitu wao ukafanywa hifadhi ya serikali vilikabidhiwa usimamizi katika miaka ya 1990, vikajiwekea sheria na walinzi wao wenyewe, na uharibifu ukapungua. Katika visa vyote hivyo uamuzi ulitangulia au ulikwenda pamoja na elimu. Ukimfundisha mtu thamani ya kitu ambacho hana mamlaka nacho, umempa huzuni tu.

Jambo lingine ninaloliona likikosekana ni elimu kwa watu wa mijini. Tunawafuata wanavijiji kwa vipaza sauti, lakini mkaa unachomwa kwa sababu mjini kuna anayeununua, na mto unaolindwa au kuchafuliwa huko juu ndio ambao watu wa mjini huupata wakifungua bomba. Jiji la New York hupata takriban asilimia 90 ya maji yake kutoka mabonde yenye misitu ya Catskill na Delaware, bila kuyapitisha kwenye mtambo wa kuchuja. Mwaka 1997 jiji hilo lilitia saini makubaliano na wakazi wa mabondeni, likakubali kugharamia uhifadhi huko juu badala ya kujenga mtambo ambao ungekuwa ghali mno. Costa Rica, kwa sheria yake ya misitu ya mwaka 1996, iliweka utaratibu wa kuwalipa wenye ardhi wanaotunza misitu, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitokana na kodi ya mafuta ya magari. Mwanafunzi wa mjini afundishwe kuufuata mto unaoleta maji nyumbani kwao, kwenye ramani, kuanzia bombani hadi mlimani. Anayekunywa maji ya Ruvu atajikuta kwenye Milima ya Uluguru. Zoezi hilo huchukua kipindi kimoja, na mzazi atakayeulizwa na mtoto wake nyumbani kwamba maji haya yanatoka msitu gani atakuwa amefikiwa na elimu ambayo hakuna mkutano ungemfikishia.

Mwisho, upandaji wa miti usifanywe kuwa ndilo somo lote. Kwenye ardhi nyingi zilizofyekwa, mizizi na visiki bado viko hai chini, na kinachohitajika ni kuchagua machipukizi machache yenye afya, kupogoa mengine, na kuizuia mifugo kwa muda. Huo ndio utaratibu ambao wengi wanauita kisiki hai. Kusini mwa Niger wakulima waliutumia kuanzia miaka ya 1980, na eneo lililorudi kuwa na miti linakadiriwa kufikia hekta milioni 5, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na vitalu vya miche. Na mahali ambapo kwa asili ni mbuga ya nyasi, kupanda miti kunaweza kuharibu makazi ya viumbe wanaotegemea nyasi hizo. Lifundisheni hilo pia.

MwalimuHesabu amejibu:

Nitakuwa na maneno machache. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona klabu nyingi za mazingira zenye daftari. Kila kundi la wanafunzi lichukue miti kadhaa, liipe namba, na lipime mzingo wa shina kwa uzi katika kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, ambacho ndicho kimo kinachotumiwa na wapimaji wa misitu. Mzingo ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo, kwa hiyo mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha takriban sentimita 30. Kipimo kikirudiwa mwaka unaofuata, mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakuwa na grafu yake mwenyewe atakapofika kidato cha nne, na mada za uwiano, wastani na makadirio zitakuwa zimefundishika bila mifano ya kubuni.

Kwa miche, hesabu inayofaa kutangazwa ni ya iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza, siyo ya iliyopandwa. Ingefaa hata mgeni rasmi aalikwe siku hiyo ya kuhesabu. Najua pendekezo hili halitawafurahisha wote, kwa sababu tarakimu ya siku ya kupanda huwa inapendeza zaidi kwenye taarifa.

MkufunziMisitu amejibu:

Naunga mkono daftari, na ninaongeza safu moja: mche uliokufa uandikiwe sababu. Uliliwa na mbuzi, ulikauka, ulipandwa na mfuko wake wa plastiki, au ulifyekwa wakati wa kusafisha mazingira? Baada ya misimu miwili sababu moja itajitokeza kuliko nyingine zote, na hapo klabu itajua kama inahitaji uzio, maji, au mazungumzo na wasafishaji.

Kuhusu kuingia msituni, Mwalimu, kama eneo mtakalotumia ni hifadhi, andikeni barua mapema kwa mamlaka inayolisimamia, mkieleza idadi ya wanafunzi, tarehe, na kwamba mtachimba vishimo vidogo na kuvifukia. Ombeni pia mlinzi au mwenyeji anayelifahamu eneo aambatane nanyi. Wanafunzi wavae viatu vilivyofunika mguu na soksi ndefu, asiwepo wa kubandua magamba ya miti wala kupigilia misumari ya namba, kwani utepe wa kitambaa uliofungwa kwa kulegezwa unatosha. Kipimo cha kopo kifanyike siku kadhaa baada ya mvua ya mwisho, na sehemu zote zipimwe siku ileile, kwa sababu udongo uliolowa humeza maji polepole kuliko mkavu, na mkichanganya siku hamtajua kama tofauti mnayoiona imetokana na msitu au na mvua ya jana.